Maoni ya mteja: duka la fotokopi la nyuma ya Ngome, Amu (mji wa Lamu, Kenya)

Duka hili halina bango. Ukishuka gatini, panda mpaka Mkunguni, zunguka Ngome kwa nyuma, kisha uliza "kwa fotokopi." Mtoto yeyote atakupeleka mpaka mlangoni. Ndani mna kompyuta mbili, mashine kubwa ya kutoa kopi, printa ndogo ya rangi, na benchi la watu watatu ambalo ikifika saa nne asubuhi limekaliwa na watano. Wengi huja kutoa kopi ya kitambulisho, kupiga picha za pasipoti, kujaza fomu za vyuo au kumaliza mambo yao ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kwa hayo duka ni zuri na bei ni za kawaida: kopi shilingi 5, kuprinti 10, kuskani 20, na kukaa kwenye kompyuta shilingi moja kwa dakika.

Langu mimi ni jingine. Mimi ni muuza pweza kutoka kisiwa cha Pate na katibu wa kikundi cha kina mama 26. Mwaka wa tatu huu tunalitumia duka hili kufuatilia mambo ya serikali kwenye intaneti, kuomba habari, kuandika maombi na kuweka kumbukumbu. Sijaona mtu aliyelieleza kwa upande huo, na wako wengi visiwani na bara, Hindi, Mkunumbi mpaka Kiunga, ambao wangefaidika nalo.

Siku ya kwanza nilifika hapo nikiwa na hasira. Ilikuwa Agosti, kusi lavuma, pweza hakuna. Kwenye grupu la WhatsApp mtu alitupia picha ya tangazo kutoka ofisi moja ya umma: wananchi wanaalikwa kutoa maoni kuhusu mpango wa maendeleo wa mwaka, waraka wenyewe unapatikana kwenye tovuti, maoni yatumwe kwa barua pepe. Siku zilizobaki zilikuwa tano. Nilijaribu kuupakua kwa simu. Bando la shilingi 50 likaisha kabla waraka haujafika nusu. Nikanunua jingine, ukafika wote, na simu ikakataa kuufungua. Kesho yake yalikuwa maji ya bamvua, nikapanda mashua alfajiri, maana maji yakiwa madogo mlango wa Mkanda haupitiki vizuri na safari yaweza kuvunjika. Nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya kazi, ili nisome kitu ambacho wenyewe wanasema wamekiweka wazi kwa wote.

Kijana mwenye duka aliufungua waraka, akatazama chini ya skrini, akaniambia: "Mama, hii ni kurasa mia mbili na kumi na nne. Waitaka yote?"

Nikapiga hesabu. Shilingi 2,140. Mkobani nilikuwa na 800, na humo mlikuwa na nauli ya kurudi.

"Kaa," akasema. "Tuitafute kwanza ile yako."

Kutafuta kwa kuandika neno hakukuwezekana, kwa sababu waraka ulikuwa umeskaniwa. Kwa kompyuta ile ilikuwa picha tu ya karatasi, na kurasa nyingine zimelala upande. Akaanza kuupitia kwa macho, ukurasa baada ya ukurasa, mimi nimesimama nyuma ya bega lake. Sura za mwanzo zote akaziruka. "Haya ni maneno," alisema. "Twende kwenye majedwali." Ukurasa wa 137 tukakuta miradi imepangwa kwa wadi. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu: safu hii ni jina la mradi, hii ni mahali, hii ni pesa zilizokadiriwa, na hii ya mwisho ndiyo ya kuangalia sana, inasema pesa zinatoka wapi. Kisha bila kuambiwa akautafuta waraka wa mwaka uliotangulia na kuuweka kando ya ule mpya, skrini imegawanywa mara mbili.

Mwaka uliotangulia, wadi yetu ilikuwa na mstari wa chumba cha barafu kwenye bandari ya samaki. Mwaka huu mstari haupo. Haukupunguzwa wala haukusogezwa kwenye ukurasa mwingine. Umetoka. Nilipitisha kidole kwenye kile kioo mara mbili, kama mtu atafutaye jina la mwanawe kwenye orodha ya waliopasi.

Asiyeuza pweza huenda asijue barafu ni nini kwetu. Pweza akitoka majini asubuhi, kufika saa saba mchana bila barafu bei yake ishaanguka, na mnunuzi ajua, naye hukaa kivulini akisubiri uchoke. Chumba kile tuliahidiwa kwenye mkutano, tukapiga makofi, tukaenda nyumbani. Hakuna aliyetuambia kwamba ahadi ina ukurasa wake, na kwamba ukurasa huo waweza kutolewa usiku mmoja bila mtu kupiga kelele.

Niliprinti kurasa sita tu, shilingi 60. Ndiyo huduma ninayoisifu hapa. Mashine za kutoa kopi ziko nyingi Amu, ukianzia Langoni mpaka Mkomani. Aliyeniuzia kurasa sita badala ya 214, na kunifundisha jinsi ya kuzisoma, ni huyu mmoja.

Tangu siku hiyo nimejifunza mengi kwenye benchi lile. Kwamba kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa kaunti unatakiwa kufika bunge la kaunti si baada ya tarehe 1 Septemba, waraka wa mikakati ya fedha tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti tarehe 30 Aprili, kwa sababu mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango ule ukishawasilishwa, sheria inataka utangazwe kwa umma ndani ya siku 7. Tarehe hizi hazijui kusi wala kaskazi. Aprili mwishoni ndipo bahari huanza kuchafuka na vyombo vinavutwa pwani, na Agosti kikundi chetu hakina hata senti ya nauli. Basi tulimwomba kijana atundike kalenda ukutani, juu ya mashine, na tarehe zile tatu tukazizungushia kalamu nyekundu. Sasa hata watu waliokuja kwa picha za pasipoti huuliza zile alama ni za nini. Nimeshuhudia mwalimu mmoja akieleza habari ya tarehe 30 Aprili kwa vijana watatu wa boda, wakisubiri kopi zao, na wakamsikiliza mpaka mwisho.

Nirudi kwenye chumba cha barafu. Kulalamika kwenye grupu tulilalamika sana, wiki nzima, ujumbe juu ya ujumbe, na haikusaidia kitu. Kijana ndiye aliyetuambia kwamba tunaweza kuuliza kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza namna yake: unaandika ombi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21, na kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Kuomba hakulipiwi, unachoweza kutozwa ni gharama ya kutoa kopi. Asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo na afisa akamwandikia. Sheria hizi zote ziko kwenye tovuti ya Kenya Law, bure, pamoja na hukumu za mahakama na Gazeti Rasmi la serikali. Nimezaliwa Kenya, nimepiga kura kila uchaguzi tangu nipate kitambulisho, na nilikuwa sijawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote.

Tuliandika barua kwa Kiswahili. Maneno yalikuwa yangu, yeye alipiga chapa. Aliniuliza swali moja ambalo sitalisahau: "Mama, wataka kuwagombeza au wataka wakujibu?" Nikafuta aya mbili nzima. Barua ikabaki na maswali manne: mradi ulitolewa lini, kwa uamuzi wa nani, kwa sababu gani, na pesa zake zimepelekwa wapi. Tukatoa nakala mbili, moja ya kuwaachia na moja ya kupigwa muhuri turudi nayo. Halafu akafanya jambo ambalo nililiona kama la ziada: akaprinti ule ukurasa wa sheria wenye kifungu cha 8, akapigia mstari mahali palipoandikwa Kiswahili, akanipa. "Weka chini ya barua," akasema.

Kule ofisini, ambayo siitaji, aliyepokea aliitazama barua na kuniuliza kwa nini haikuandikwa kwa Kiingereza. Sikubishana. Nilitoa ule ukurasa. Aliusoma, akanyamaza, akachukua muhuri.

Jibu lilikuja siku ya 20. Mistari mitatu. Mradi umeahirishwa kwa sababu kiwanja hakina hati. Mtu wa kwetu akisoma hivyo huhisi mambo mawili kwa pamoja. Uchungu, kwa sababu hati ni jeraha la zamani katika kaunti hii, watu wamezaliwa na kuzikwa juu ya ardhi ambayo karatasi yake hawajawahi kuiona. Na nafuu, kwa sababu sasa tulijua kizuizi kiko wapi. Miaka miwili tulikuwa tukilaumiana sisi kwa sisi, wengine wakidai mwenyekiti wetu kahongwa. Hakuhongwa. Kiwanja hakikuwa na hati. Mistari mitatu ya karatasi iliirudisha heshima ya mama mmoja ambaye nusura aache kuja mikutanoni.

Kwa nini nashikilia karatasi hivi, wakati dunia yote iko kwenye simu? Kwa sababu ya mambo tuliyoyaona hapa Lamu. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikuja Magogoni kuzindua bandari na mradi mzima wa LAPSSET, ule wa njia za kuunganisha nchi hizi tatu. Wavuvi walienda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikiwemo haki ya kupata habari na kushirikishwa, na ikataka wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Kisha likaja lile la makaa ya mawe ya Kwasasi, mtambo wa megawati 1,050. Leseni ilitolewa 2016. Vijana wetu walipiga kelele sana mitandaoni, na kelele zile zilisaidia kuupeleka mji mdogo wa Amu mpaka kwenye masikio ya ulimwengu. Lakini tarehe 26 Juni 2019, siku jopo la kitaifa la mazingira lilipoifuta leseni, hoja kubwa ilikuwa ya mikutano na tarehe zake: wananchi walikutanishwa mapema, kwa utangulizi, kabla ripoti ya athari za mazingira haijakamilika, na ripoti ilipokamilika hawakupewa nafasi ya maana ya kuijadili. Mkutano gani, siku gani, ulijadili nini. Mambo ya katibu hayo. Na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupa rufaa ya kampuni ya mtambo ule. Mimi nilipoisoma ile hukumu ya 2019, kwenye kompyuta ya dirishani pale dukani, kwa muda wa shilingi 90, nilielewa kazi yangu ya ukatibu kuliko nilivyowahi kuelewa.

Ndiyo maana kijana ametupa kijisanduku cha plastiki juu ya kabati, kimeandikwa jina la kikundi, na kila barua tuliyopeleka au kupokea iko humo, na nakala yake imeskaniwa na kutumwa kwenye barua pepe ya kikundi. Hatozi kitu kwa sanduku. Si sisi peke yetu. Nimewakuta hapo wazee wa Shela wakitoa kopi za barua zao kuhusu vilima vya mchanga, ambavyo chini yake ndiko yanakotoka maji ya kunywa ya mji huu. Mzee mmoja alikuwa na ramani aliyoichora mwenyewe kwa kalamu ya risasi, visima vyote vimo, na kijana aliiskani polepole, mara tatu, mpaka mistari iliyofifia ikaonekana.

Sasa habari ya kufikisha. Kati ya kina mama 26, tunaosoma waraka wa Kiingereza ni wawili. Ukipeleka kurasa sita kwenye grupu umewapelekea picha. Nikitoka dukani huwa nakaa kwenye baraza ya nyumba ya mkabala, kivulini, na kurekodi ujumbe wa sauti. Tumejiwekea kanuni: usizidi dakika mbili, uanze kwa tarehe, utaje waraka na nambari ya ukurasa. Kazi kubwa ni maneno. Neno "makadirio" watu hulisikia kama pesa zilizokwisha toka, wakaanza kuuliza nani kazila. Mimi husema: "Hizi ni pesa walizopanga kutumia. Bado hazijapitishwa, na zikipitishwa bado hazijatoka." Nasema polepole, kwa Kiamu na Kipate changu, kama vile naongea na mama yangu. Nahodha mmoja mzee wa kwetu, ambaye hana grupu ila husikiliza kupitia simu ya mjukuu wake, alinitumia jibu la sauti: "Ndia hii ya barua ni ndefu, lakini yafika." Ndia kwetu ni njia. Sauti ile nimeihifadhi.

Kanuni ya nambari ya ukurasa haikutoka hewani. Mwaka wa pili kulisambazwa ujumbe kwamba mkutano wa kutoa maoni umeahirishwa. Haukuwa na jina la mwandishi, na kila mtu aliupeleka mbele. Mkutano ulifanyika siku ile ile na saa ile ile. Kutoka kwetu hakufika mtu. Kwenye kumbukumbu za mkutano ule, wadi yetu haina neno hata moja, na hilo limo kwenye karatasi sasa, halifutiki. Tangu hapo ujumbe usio na waraka hausambazwi kwenye grupu letu, hata kama umetoka kwangu.

Sasa kasoro, maana ninalipenda duka lakini sitalificha.

Umeme ukikatika, kompyuta ya pili huzima hapo hapo. Haina betri ya akiba. Nilipoteza tafsiri ya kurasa nne, kazi ya asubuhi nzima, na mashua ilikuwa inaondoka saa nane kufuata maji. Nilirudi Pate mikono mitupu na kina mama walikuwa wamekusanyika wananisubiri. Ukienda, kaa kwenye ile ya dirishani, na jitumie kazi yako kwa barua pepe kila baada ya ukurasa.

La pili ni zito zaidi. Siku moja niliona kwenye skrini folda imeandikwa "ID." Nikaifungua nikidhani ni ya kikundi chetu. Mlikuwa na picha za vitambulisho vya watu, mbele na nyuma, zaidi ya mia: wateja waliokuja kuskani wakaenda zao. Majirani zangu wamo. Mtu yeyote aliyelipa shilingi moja kwa dakika angeweza kuzichukua zote kwa flashi. Nilimwita kando. "Mwanangu, hivi ni vitambulisho vya watu." Aliona haya. Alisema hakuwa na nia mbaya, zilirundikana tu, na namwamini. Lakini Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na habari za mtu hazitakiwi kukaa baada ya kazi yake kwisha. Tulikaa pamoja tukafuta zote, kisha tukafuta na zile zilizobaki kwenye pipa la taka la kompyuta, ambazo wengi husahau. Sasa hufuta kila jioni kabla ya kufunga. Bado wateja wenyewe huondoka wakiacha barua pepe na WhatsApp zao wazi, na yeye akiwa na watu wengi haangalii. Kwa watu wanaotia sahihi maombi kwa serikali, jambo hili si dogo. Kwa sababu yake nalipatia duka nyota nne, na ile ya tano nitaitoa siku kompyuta zitakapojifunga zenyewe mtu akiinuka.

Nakumbuka pia wiki ile ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni 2025. Rose Njeri, mtaalamu wa programu, alikuwa ametengeneza tovuti ya kumsaidia mwananchi kutuma barua pepe bungeni kupinga Mswada wa Fedha wa 2025, akakamatwa na kushtakiwa chini ya sheria ya makosa ya mitandao. Pale dukani paliingia baridi. Kijana aliniuliza kwa sauti ya chini kama na yeye anaweza kuchukuliwa kwa kutuprintia barua. Sikumwambia asiogope, maana mimi mwenyewe niliogopa. Nilimwambia barua zetu zina majina yetu, vitambulisho vyetu na muhuri wa ofisi iliyozipokea, na kama kuna wa kuulizwa, ni mimi katibu. Tarehe 20 Juni mahakama ikalitupa shtaka lile kwa kuwa halikuonyesha kosa. Nilipoingia dukani wiki iliyofuata, alikuwa ameshaifungua ile hukumu kwenye simu, akanionyesha kabla hata hatujasalimiana.

Ombi letu kwa bunge la kaunti tuliliandaa hapo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni humo. Tulifuata mtindo wa maombi ya Bunge la Taifa: lugha ya heshima, Kiswahili au Kiingereza, majina, nambari za vitambulisho, sahihi au alama ya dole gumba, useme ulikwenda wapi kabla ya kuja, na karatasi isiwe na kufutwafutwa. Hilo la mwisho lilitutesa. Kina mama tisa hutumia dole gumba. Kijana alitukopesha kidau cha wino nikaenda nacho Pate, na ukurasa wa tatu bibi mmoja mkono ukamteleza, wino ukapaka juu ya majina ya wenzake wawili. Alitaka kulia. Nilirudi Amu safari inayofuata, kijana akauprinti ukurasa ule upya, akakataa pesa. Nikarudi nao, bibi akaweka dole lake, safari hii binti yake amemshika kiganja. Alama ilitoka safi, mistari yote ya ngozi yaonekana, na juu yake kovu jembamba la mshipi wa kuvulia.

Mwaka uliofuata mstari wetu ulirudi kwenye mpango. Ukurasa wa 141. Chumba chenyewe bado hakijajengwa. Kiwanja kimepimwa, hati haijatoka. Barua nyingine ya kuuliza imeshapigwa muhuri, na leo ni siku ya 17.

Kwa anayetaka kwenda: hufunguliwa saa mbili asubuhi, hufungwa magharibi. Ijumaa hufungwa kwa ajili ya sala na hurudi saa nane. Jumatatu pamejaa, nenda Jumatano. Malipo ni kwa M-Pesa au taslimu, ila uwe na sarafu. Ngazi mbili za mlangoni ni za juu na mtu mzima hupata taabu, lakini ukiita kijana hutoka nje kukuhudumia kwenye baraza. Na ukibeba waraka mrefu, usiuprinti wote. Mwambie akutafutie kwanza jedwali la wadi yako.